Usiinyamazishe Vali

Siku yangu ya kwanza gerejini Majengo sikupewa spana. Fundi Mkuu alinikalisha juu ya debe, akaipiga kiki pikipiki ya mteja, akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia tiki-tiki kichwani mwa injini.

"Hiyo ndiyo afya yake," akasema. "Ikinyamaza, ujue yaungua."

Kichwa cha injini ya pikipiki nyingi za kazi kina vali mbili: moja huingiza hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Kila vali ina mkono unaoisukuma ifunguke, na kati ya mkono na vali lazima ubaki mwanya mwembamba kama karatasi. Ukiubana mno, vali haifungi barabara. Moto hupenya na kuila ukingo wake. Kuurekebisha mwanya huo tulikuita kufunga tapeti, na sharti la kwanza ni injini iwe baridi kabisa. Fundi Mkuu hakugusa pikipiki ambayo haikulala gerejini. Mteja akilalamika, humwambia, "Hata wewe hupimwi kanzu ukikimbia."

Kutoka Majengo nilihamia Liwatoni, nikatunza pikipiki za wachukuzi wa samaki. Msimamizi wa Vyombo hakutaka habari za kulala. "Samaki hangoji, fundi," akisema. Nikazoea haraka, na haraka hiyo nikaja nayo nilipofungua kibanda changu Mji wa Kale.

Hapo ndipo alipokuja Mbwana, msambazaji wa mikate. Alipita vichochoroni kabla ya alfajiri, na kuta zetu zimekaribiana. Kila tiki-tiki huingia chumbani kwa mtu.

"Ami, majirani wanitukana. Inyamazishe."

"Iache ipoe mpaka kesho."

"Na mikate niipeleke kwa mgongo? Basi nifundishe, niifunge mwenyewe nyumbani kabla sijaiwasha."

Nikacheka. "Ukijua wewe, mimi nitakula wapi?"

Nikaibana vivyo hivyo, ingali moto, kwa sikio tu, mpaka sauti ikapotea. Mbwana akanisifu mtaa mzima. Haukupita muda, pikipiki ikakosa nguvu, kisha ikakataa kuwaka. Nilipofungua kichwa, vali ya moshi ilikuwa imelika ukingo. Maduka nayo hayakungoja. Yakachukua msambazaji mwingine. Mbwana hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikwambia unifundishe."

Nikatia vali mpya. Kisha nikaenda kwake asubuhi, injini baridi, na fila mkononi, vile vibamba vya chuma vya kupimia mwanya. Tukatoa plagi na vifuniko vya vali, tukaizungusha injini polepole mpaka alama ya T, ionyeshayo pistoni iko juu kabisa, ikatokea kwenye kitundu cha kuchungulia, na mikono yote miwili ya vali ikawa imelegea. Nikamchagulia kibamba cha kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Kilitakiwa kipite kati ya mkono na vali kwa kukwaruza kidogo, naye akalegeza nati ya mkono na kuzungusha skrubu yake mpaka kikapita hivyo.

"Sasa shikilia skrubu, ndipo ukaze nati. Ukiiachia, itazunguka pamoja na nati."

Akaiachia. Akaanza upya, ulimi nje, mpaka kibamba kikapita sawa.

"Yakhe, ni hili tu? Hili ndilo ulilonificha?"

"Ndilo."

Ilimchukua muda kurudishiwa maduka yake, moja baada ya jingine, na mengine hayakurudi. Mimi nimestaafu. Vidole vyatetemeka, na fila zangu anazo yeye. Nikiwakumbuka wote walionijia na injini za moto kwa kuwa hawakuweza kukosa kazi siku nzima, naona dawa yao ilikuwa rahisi: asubuhi moja mlangoni kwao, na mimi kukubali kutohitajiwa tena. Sikuwapa.

Mbwana angali akipita chini ya dirisha langu alfajiri, tiki-tiki, tiki-tiki. Jirani yangu Bi. Zena hunichukia kwa hilo.

"Fundi mzima wewe, huwezi kumnyamazishia yule?"

"Naweza, Bi. Zena," humjibu. "Nilishamnyamazishia."