Kanda ya Mzee Rajabu

Rajabu Halfani alirudi kutoka vitani mwaka 1979 akiwa mzima wa viungo, na watu wa kijiji chake cha Busi wakamchinjia mbuzi. Mkewe, Tabu, ndiye aliyegundua kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka. Aliyeondoka na mgambo wa wilaya alikuwa mtu wa maneno. Harusi haikuchangamka pale kijijini mpaka yeye afike. Aliyerudi alikula, alisali, alilima, akalala. Ukimuuliza habari za Uganda alisema, "Vita ni vita," na mazungumzo yakazimika kama kuni mbichi.

Walihamia Mkonze, pembezoni mwa mji wa Dodoma, Rajabu alipopata kazi ya ulinzi kwenye ghala la shirika la umma. Baadaye shirika likauzwa, mwenye mali mpya akaja na walinzi wake wenye sare, na Rajabu akarudi nyumbani kushona viatu vya majirani. Maandazi ya Tabu ndiyo yaliyowalisha. Hayo yote Tabu aliyameza. Kilichomkera rohoni ni kwamba miaka yote hiyo alikuwa akilala kitanda kimoja na mtu asiyemjua.

Mwaka 1995 akaja Fabian, mhadhiri kijana wa chuo kimoja mjini, na kinasa sauti kwenye mkoba. Alieleza kwamba yeye na wenzake, wakiongozwa na Dakta Respicius, walitaka kuunda jumuiya ya wasomi wa kuchunguza maisha ya askari wa zamani. Nchi za wenzetu, alisema, elimu hiyo ina vitabu vyake na mikutano yake; hapa kwetu waliopigana wanazikwa na mambo yao. Dakta mwenyewe alikuwa mtu wa Kagera, na nyumba ya wazazi wake iliteketea katika vita hivyo hivyo.

Tabu alingoja kusikia "vita ni vita". Lakini Rajabu alimtazama kijana, akakitazama kile kinasa sauti, kisha akamwambia mkewe apeleke mahindi kusagwa.

"Unga si upo?" Tabu aliuliza.

"Peleka debe zima."

Akalipeleka. Aliporudi alimkuta Fabian akifunga mkoba, na Rajabu ameegemea ukuta, amechoka kama aliyetua mzigo wa safari ndefu. Alipouliza wamezungumza nini, alijibiwa, "Ya vita." Tabu akaenda kuchekecha unga wake, akimwonea wivu mtoto wa watu ambaye hata jina la baba yake hakulijua.

Mwaka uliofuata Rajabu akafariki kwa kichomi. Fabian alikuja msibani, akasubiri watu wapungue, ndipo akamwambia mjane, "Pole sana, mama. Lakini sauti ya mzee tunayo. Siku yoyote ukitaka kuisikia, njoo chuoni."

Maneno hayo ndiyo aliyokaa nayo eda. Stara, wifi yake aliyetoka Busi kuja kukaa naye, alimtania kwamba wenzake wakitoka eda hutafuta bwana mpya, yeye anamtafuta yule yule. Katikati ya eda ukaja mwaliko: jumuiya inazinduliwa, wageni wa mbali watakuwepo, na familia za askari zinakaribishwa. Stara alimshauri aende walau kwa saa moja, ajifunike vizuri. Tabu akakataa. Eda haina likizo, alisema, na sauti si nyama kwamba itaoza.

Eda ilipokwisha aliingia chuoni na kanga mpya. Mlango wa jumuiya ulikuwa na kibao, ndani viti vipya na rafu iliyojaa kanda. Dakta Respicius aliinuka, akamwamkia shikamoo, akampisha kiti chake mwenyewe. Fabian akatafuta kanda, akaiweka.

Ikatoka sauti ya mtu akiwashukuru wageni mashuhuri. Ikaja hotuba juu ya kuwaenzi mashujaa waliosahauliwa, kisha makofi. Fabian akapeleka mbele: makofi tena. Akageuza upande wa pili: hotuba nyingine. Jasho likamtoka.

"Siku ya uzinduzi kanda tupu ziliisha," alisema taratibu. "Mtu akachukua zilizokuwa mezani, akarekodi juu yake. Yaliyomo tulikuwa tumeshayachapa, mama. Hayakupotea."

"Mmechapa na sauti yake?"

Kanda ilikuwa bado inazunguka. Hotuba ikakatika, pakakwaruza, na Rajabu akaongea.

"…basi tukacheka, mwanangu. Tukacheka mpaka tukakaa chini."

Akacheka mwenyewe, kicheko cha kifuani ambacho Tabu hakuwa amekisikia tangu kabla ya vita. Kanda ikafika mwisho.

Tabu alishika ukingo wa meza. Aliomba irudiwe, ikarudiwa. Kisha akauliza, "Walikuwa wanacheka nini?"

Fabian alifungua jalada, karatasi zote za Kiingereza, akapitisha kidole. Palikuwa na njaa, palikuwa na mto, palikuwa na waliokufa. Alifika chini ya ukurasa wa mwisho, akaanza tena juu.

"Sikumbuki, mama. Kicheko sikukiandika."

Dakta Respicius aliomba radhi kwa maneno mengi, na hakuwa akiigiza. Halafu, kwa kuwa kazi ni kazi, akauliza kama mzee ana wenzake waliobaki huko Busi, wakarekodiwe kwa uangalifu zaidi.

"Wamekwisha," Tabu alisema.

Dakta akatikisa kichwa kwa masikitiko. Fabian akaandika.

Kesho yake Tabu alipanda basi la Kondoa, akashukia Busi. Uwesu, aliyeondoka na Rajabu siku moja na kurudi naye siku moja, alikuwa shambani akipalilia ulezi. Tabu alimweleza maneno yale kama alivyoyasikia, akamuuliza kilichowachekesha.

Uwesu aliegemea jembe.

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

"Shemeji, mimi na Rajabu hatukuachana hata siku moja. Kule hatukucheka." Akafikiri kidogo. "Kabla ya hapo alikuwa anasemaje?"

"Wamefuta."

"Basi hicho kicheko kaondoka nacho," Uwesu alisema, akainama, akaendelea kupalilia.