Viti Elfu Nane vya Simiti FC

Sifuna alikuwa fundi wa milango pale Waithaka, na kwa miaka kumi alikuwa pia katibu wa timu ya mpira iliyoitwa Simiti FC. Milango ilimlisha, timu ikamla. Mwenyewe hakuwahi kulalamika. Peres, mkewe, alilalamika kwa niaba ya wote wawili.

Timu ilianzishwa na vibarua wa mjengo. Siku ya mechi yao ya kwanza walitoka kazini moja kwa moja, kijivu kuanzia utosini, na mwamuzi alipokosa jina la kuandika kwenye karatasi yake, akaandika alichokiona. Kiwanja chao kilikuwa kimeinama kuelekea mtoni. Nahodha aliyeshinda sarafu hakujali jua wala upepo. Alichagua kushambulia kuteremka, na baada ya mapumziko akaja kujuta. Mpira ukiangukia mtoni, mechi ilisimama mpaka Mwololo, kipa, aufuate, kwa kuwa mbwa wa upande ule walimjua yeye tu.

Ili kuingia kwenye ligi timu ilitakiwa kusajiliwa, na ili kusajiliwa ilitakiwa kuwa na katiba. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Sifuna alijua kutengeneza mlango usiolia. Katiba hakujua inaanzia wapi. Ila Peres alikuwa mwenyekiti wa Neema, kikundi cha akina mama wa kanisani waliosaidiana wakati wa misiba, na katiba ya Neema ilikuwa kabatini, chini ya vitambaa vya meza. Sifuna akaichukua bila kuomba, akaipeleka kwa mpiga chapa wa Kawangware, akamwambia abadilishe jina na mengine ayaache yalivyo. Mpiga chapa alikuwa mtu makini. Alibadilisha jina, na mengine akayaacha yalivyo.

Cheti kilitoka na muhuri. Sifuna akakitundika kwenye karakana yake, kisha akaketi kusoma kile alichokuwa amekisajili. Mpira haukutajwa popote. Kifungu cha tano kilisema mwanachama atakayekosa mazishi bila sababu atasimamishwa miezi mitatu. Cha saba kilisema kila mwanachama atakwenda msibani na leso na sufuria yake. Cha kumi kilisema msiba ukiingia, shughuli nyingine zote za kikundi zitasimama mpaka marehemu azikwe.

Angesema wakati ule, yangeisha kwa kicheko. Lakini aliona haya, na kabla hajapata ujasiri, Mzee Kivuva, kocha wa kwanza, aliisoma mbele ya wachezaji akatangaza kwamba hiyo ndiyo katiba ya watu wazima. Wachezaji wakaamini ni yeye aliyeitunga. Kivuva hakukanusha. Mwaka wa tisini na tisa alifariki, akazikwa kulingana na vifungu vyote.

Basi Simiti FC ikaishi hivyo. Mazoezi Jumanne na Alhamisi, mechi Jumapili, na kila mchezaji na sufuria yake. Leso walifungia sufuria. Mara mbili ligi iliwapa wapinzani wao pointi za bure kwa sababu Simiti walikuwa Machakos au Vihiga wakichota maji ya msiba. Lenox, mshambuliaji wao, mtu aliyeweza kufunga hata akipanda mlima, aliwahi kukaa nje nusu ya msimu kwa kukosa mazishi ya shangazi yake Mwololo. Hakuna aliyeona ajabu. Katika miaka hiyo kumi timu ilishuka daraja mara tatu, na ilizika watu ishirini na sita bila kasoro.

Norman aliingia maishani mwao Agosti ya mwaka wa elfu mbili na sita, baada ya Kombe la Dunia la Ujerumani. Mapenzi yake ya mpira yalikuwa na umri wa wiki tisa, lakini yalikuwa mapenzi ya kweli. Alikuwa na nyumba za kupangisha Kinoo, na yeye na ndugu yake Jeremy walikuwa wameachiwa na baba yao ekari sita upande wa chini wa Waiyaki Way. Alikuwa amesoma gazetini kwamba matajiri siku hizi wananunua timu. Akawapitia matajiri wa Kinoo mmoja mmoja kichwani, akaona zamu ni yake. Alichotafuta ni timu iliyosajiliwa, yenye watu, isiyo na mwenyewe. Akaelekezwa kwa fundi wa milango.

"Sasa, katibu," alisema, akipangusa vumbi la mbao kwenye kiti kabla ya kukikalia. "Mimi nataka kununua hii timu, halafu niijengee stediamu. Si kiwanja. Stediamu."

"Ya watu wangapi, bosi?"

"Elfu nane. Wameketi."

Sifuna akawafikiria watazamaji wao, ambao Jumapili nzuri walifika arobaini, wamesimama, na wengine kati yao walikuwa wanapita tu.

"Itatosha," akasema.

Wiki iliyofuata Norman alimpeleka Parklands, kwa msanifu aliyechora uwanja huo. Karatasi ilikunjuliwa juu ya meza, ikashikiliwa na vikombe pembeni. Viti vilikuwa vya rangi ya machungwa. Watu waliochorwa wakiingia langoni wote walikuwa Wazungu, na mmoja alishika puto. Sifuna aliinama akazitazama nyasi kwa muda mrefu, akitafuta upande wa kuteremka, na hakuuona. Kisha msanifu akamwonyesha kijumba kidogo chini ya jukwaa, kimeandikwa KATIBU.

"Huu mlango utafungukia ndani ama nje?" Sifuna aliuliza.

Msanifu akasema hawajafika hapo. Sifuna alikuwa ameshafika. Kesho yake alichagua mbao za mvule, akaziweka kando, na wateja walipoziulizia akawaambia haziuzwi. Karatasi za timu alikuwa akizihifadhi ndani ya sanduku la viatu tangu aanze ukatibu. Aliutaka uwanja ule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakumwambia mtu, hata Peres, ambaye alijua.

Siku ya kusaini mkataba ilipangwa Jumamosi saa nne asubuhi, katikati ya mji, Mtaa wa Muindi Mbingu, katika ofisi ya wakili wa Norman aliyeitwa Debra. Siku nyingine haikuwezekana. Jeremy aliishi Texas, alikuwa amekuja likizo, na ndege yake ilikuwa inaondoka Jumamosi hiyo jioni. Nusu yake ya shamba alikuwa amekubali kuitoa, lakini kwa sharti moja: asaini siku moja na timu, awaone watu kwa macho yake, ajue amempa nani shamba la baba yake. Wanachama walikuwa thelathini na watatu, na theluthi mbili walitakiwa kufika.

Siku ya Jumanne wiki hiyo, mama yake Were, beki wa kulia, akafariki kwao Butere. Were akaondoka siku hiyo hiyo. Mazishi yakapangwa Jumamosi.

Jumatano Sifuna alivaa koti akaenda mjini kumweleza Debra habari ya msiba. Debra aliisoma katiba yote mbele yake, ukurasa kwa ukurasa, bila kubadilisha uso.

"Bwana Sifuna, hii katiba iliandikwa na nani?"

"Mpiga chapa."

"Nauliza aliyeitunga."

Sifuna akatazama zulia. Hakuwahi kuulizwa swali hilo. Akaeleza yote, Neema, kabati, hadi vitambaa vya meza. Debra hakucheka. Aliandika, kisha akafunika kalamu yake.

"Kifungu cha kumi ndicho kinatusumbua. Mkisaini na huyo mama hajazikwa, mtu yeyote anaweza kwenda kortini aseme huo mkataba ni bure. Lakini kama kiliingia kwa makosa, wewe uliyekiingiza unaweza kusimama mbele ya wanachama ukiri, wapige kura wakifute. Iandikwe kwenye minitsi za mkutano."

"Na kupiga kura si shughuli ya kikundi?"

"Ni shughuli," Debra alisema. "Lakini hapo tusiangalie sana."

Walikutana Ijumaa saa kumi alasiri katika karakana. Wachezaji walikuja na sufuria zao, kwa sababu basi la kwenda Butere lilikuwa limeshakodiwa na lilisimama nje, na kwa sababu hawakuwa na mazoea ya kwenda popote wakati wa msiba bila sufuria. Wakaketi juu ya mbao, wote isipokuwa zile za mvule. Sifuna akapiga moyo konde, akawaambia kila kitu. Uwanja, viti elfu nane, ndege ya Jeremy. Kisha katiba.

"Kwa hivyo hizi vifungu si zetu," alimalizia. "Ni za akina mama. Kivuva hakuandika hata moja. Hatukuwa tunatakiwa kuzika mtu. Tulikuwa tunatakiwa kucheza mpira."

Lenox akainua mkono.

"Katibu, si tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kifungu ya kumi na nne inasema mama mjamzito asipewe kazi ya kuchota maji. Mimi nilisoma hiyo kitu kitambo, mwaka wa kwanza. Nikajua hii haikutoka kwa Kivuva."

"Na mkanyamaza?"

"Ungeona aibu." Lenox akajikuna kichwa. "Halafu mzee wangu alikuwa anaugua. Alipoenda, mlikuja na sufuria thelathini. Kwetu walikuwa hawajaona kitu kama hiyo. Mpaka leo mamangu akiniuliza habari ya timu, haulizi kama tulishinda. Anauliza kama mko wazima."

Lenox akaangalia magoti yake, ambayo yalikuwa yamecheza kuteremka na kupanda kwa miaka kumi.

"Hiyo stediamu naitaka, usinielewe vibaya. Niko na miaka thelathini na moja. Nikingoja ingine nitaichezea na mkongojo. Lakini Were ashaenda, na anajua tunakuja."

Sifuna akauliza ni nani anataka kifungu cha kumi kifutwe ili kesho waende mjini. Mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wake. Aliushikilia juu kwa muda, akitazama kama kuna mwingine utakaoufuata, na hakuna aliyemcheka wala aliyemkwepa. Kisha akaushusha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kalamu, akaandika: wanaotaka kifutwe, mmoja, wasiotaka, thelathini na mmoja. Maandishi yake, ambayo kwa kawaida yalikuwa mazuri, siku hiyo yalipanda na kushuka.

Nje, Peres alikuwa amesimama kando ya basi, ameshika sufuria ya mumewe.

"Baba Vero," alisema, "hiyo katiba yangu nilijua ilikokwenda tangu zamani. Panda."

Jumamosi saa nne na robo simu ililia. Sifuna alikuwa Butere, bomani kwa akina Were, akipanga viti vya kukodi chini ya turubai.

"Katibu, mko wapi?" Ilikuwa sauti ya Norman. "Jeremy amekaa hapa anaangalia saa."

"Tuko Butere, bosi. Kwa mazishi."

"Nyinyi wote?"

"Wote."

"Hata Lenox?"

Sifuna akageuka. Lenox alikuwa kando ya moto, jasho likimtiririka, akisonga ugali wa watu wengi kwa mwiko mrefu.

"Hata Lenox."

Kwa nyuma Sifuna alimsikia Jeremy akiuliza kwa Kiingereza kama hiyo timu kweli iko. Kisha Norman akasema, "Haya. Mwambie Were pole," na alisema kwa moyo, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, na simu ikakatika. Jeremy aliondoka jioni hiyo na nusu yake ya shamba. Miaka miwili baadaye zile ekari sita zilikuwa na fleti za ghorofa nne, na nguo zimeanikwa kwenye kila roshani.

Sifuna akatia simu mfukoni, akamaliza safu aliyokuwa ameianza. Ilimuuma. Ilimuuma kifuani, mahali pa kuonyesha kwa kidole, na alijua itaendelea kumuuma akirudi nyumbani na akiamka kesho. Akaanza safu nyingine.

Baba yake Were, mzee mrefu mwenye koti lililomzidi, akaja akaketi kwenye kiti cha mwisho. Alikuwa akiwatazama wale wanaume waliojaa nyumbani kwake tangu alfajiri, wengine na madumu ya maji, wengine wakimenya viazi.

"Hawa ni wa kanisa gani?"

"Si wa kanisa, mzee. Ni timu ya mpira. Were ni beki wetu."

"Aliwahi kuniambia. Na huwa mnashinda?"

"Mara moja moja."

Mzee akafikiri. Ilionekana kwamba kuuliza kulimpumzisha kidogo.

"Na uwanja mnao?"

Watu walikuwa wamemuuliza Sifuna swali hilo mara nyingi, na siku zote alijibu kwamba bado. Alifungua kinywa kusema hivyo.

"Hatuna," akasema.

Mzee akamtazama usoni. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akaushika mkono wa fundi, akaushikilia.

"Pole," akasema. "Pole sana, mwanangu."

Na Sifuna, aliyesafiri kutoka Nairobi kuja kumpa pole, akaipokea.