Vipande Vitano vya Winifrida

Enzi ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, duka la vitenge la Winifrida pale Kariakoo lilifurika mali hadi mlangoni. Mwenyewe alikuwa mtu wa kanisani, mpole, na shule yake iliishia darasa la nne. Bintiye Jacqueline alipochumbiwa kwa watu wasomi, furaha ikaingia mchanga: siku ya kumuaga binti, atasimamaje mbele ya wakwe wale?

Akamkimbilia Shobhana, jirani yake wa ghorofani Mchafukoge.

"Mama Kartik, nipe neno moja la Kiingereza. Liwe refu."

Shobhana, aliyekuwa akisukuma chapati, akacheka. "Refu la nini, Mama Jacqueline? Unaanikia nguo?"

Lakini akamfundisha kongrachuleishens, neno la kumpongeza mtu. Akalikata vipande vitano, kila kimoja pigo la mti wa chapati juu ya kibao: kon, gra, chu, lei, shens. "Kwenye lei piga kwa nguvu. Na hiyo kon ya mbele ni 'pamoja'. Katikati mna furaha. Yaani, nafurahi pamoja nawe."

Wiki nzima Winifrida alipima vitenge kwa mapigo hayo. Hata rozari ilimpotea. Akianza Salamu Maria, anamalizia na shens.

Siku ikafika. Kwao, tangu kwa bibi yake, binti huagwa kwa mkono wa mama kichwani na maneno ya baraka mbele ya watu. Jacqueline akapiga magoti, akainamisha kichwa. Winifrida akashika kipaza sauti, akavuta pumzi, akalitoa. Lei ikapanda, ikatua mahali pake. Wakwe wakasimama, vigelegele, muziki ukafunguliwa. Akarudi kukaa, jasho linamtoka, meno yote nje.

Jacqueline alikuwa bado amepiga magoti. Alisubiri, akasubiri, mpaka msimamizi wake akamwinua.

Asubuhi yake, jikoni, ndipo Winifrida alipozinduka. Akamwekea binti mkono kichwani. "Mwanangu, Mungu akutangulie..."

Jacqueline, amesimama na kikombe cha chai, akatabasamu kwa adabu. "Haina neno, Mama. Jana ulisema vizuri sana."

Shobhana akamngoja ngazini kwa hamu. "Ehe! Lilitoka?"

"Lilitoka, Mama Kartik. Lote." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nililisema peke yangu."