Barabara Iliyopita Zizini

Shule niliiacha darasa la tatu, au tuseme yenyewe ndiyo iliniacha, maana mwalimu alinishauri nirudi nikachunge. Kwa hiyo siku mzungu mpima alipotandaza ramani ya mji mpya wa Shinyanga juu ya boneti ya gari lake, niliinama nikaitazama kama msomi, nikatikisa kichwa, nikasema ni nzuri sana. Karani wake, mkalimani, akanishika bega akanihamishia upande wa pili wa gari. Nilikuwa naitazama kichwa chini miguu juu.

Upande wa pili nikauona uzuri wenyewe. Wazungu wamewekwa mwinuko, kwenye upepo. Wahindi katikati na maduka yao. Sisi wengine tumepangiwa kule chini mbugani, ambako masika hata chura anatafuta pa kuhamia. Barabara pana ikatoka stesheni ikapanda moja kwa moja mpaka kwa Wazungu. Nikauliza kadoa haka kando ya barabara, ndiyo kaya yetu? Karani akakapuliza. Kalikuwa vumbi.

Kaya yetu ilikuwa na ua wa minyaa, nyumba ya mama, ya baba mdogo na yangu, na zizi katikati. Mchana nilikuwa naziba pancha za baiskeli barazani kwa Mhindi mmoja, jioni narudi kukamua. Hatukuwahi kwenda kuishi mjini. Mji ndio ulitufuata.

Mama alisikiliza maneno yote ya karani bila kelele. Nyumba zibomolewe, sawa, udongo upo kila mahali. Ng'ombe hawatakiwi mjini, sawa, baba mdogo atahama nao. Alitaka kitu kimoja tu: zizi lisiguswe, kwa sababu baba amelala humo.

Yule mzungu hakuwa mtu mbaya. Aliposikia habari ya kaburi alivua kofia. Akasema aonyeshwe lilipo, atalizungushia vigingi na barabara ataikunja kidogo. Mimi nikafurahi, nikaona kumbe serikali nayo ina masikio, nikatangulia kwenda kumwonyesha.

Sasa kwetu Wasukuma mwenye kaya akizikwa zizini, ng'ombe wanarudishwa jioni ileile. Wanakanyaga juu yake, wanalala juu yake, na baada ya masika moja huoni tuta wala jiwe. Ndivyo inavyotakiwa. Basi mimi nikasimama karibu na mlango nikasema hapa. Baba mdogo akasimama upande wa ndama akasema hapa.

"Mimi nilikuwepo," nikamwambia.

"Ulikuwepo, ila ulikuwa unalia. Ungeona nini na makamasi yale?"

Mzungu akatutazama mmoja mmoja, kisha akatazama saa. Karani akamgeukia mama, akamwomba amalize ubishi.

"Mwambie amelala zizini," mama akasema.

"Zizini wapi, mama? Anataka mahali."

"Mahali ndiyo zizi. Na yeye mtu wake akilala kitandani, anauliza amelala ubao upi?"

Kizungu changu kilikuwa cha darasa la tatu, lakini kilitosha kujua kwamba karani amefupisha. Alisema mama hajui. Mzungu akavaa kofia yake, na vigingi vikapita katikati ya zizi.

Tukahamia mbugani. Kiwanja kilinyooka pande zote, maji yakajaa pande zote. Barabara ikamwagwa changarawe, ikapendeza, na mvua ya kwanza iliponyesha, ikabonyea palepale lilipokuwa zizi letu. Chini kulikuwa na samadi ya miaka na miaka, laini kama uji, na lori likazama mpaka ekseli. Ikabidi watafutwe vibarua wa kuzoa samadi yote mpaka kwenye ardhi ngumu, wajaze mawe. Baiskeli hazitembei kwenye tope, kwa hiyo mimi sikuwa na kazi. Nikaandikwa kibarua. Ndiyo bahati yangu hiyo.

Nikawaambia wenzangu wachimbe taratibu, mwenye nyumba amelala. Wakacheka sana. Nilipowaambia ni kweli, mmoja akaacha jembe akaenda kushika toroli.

Nyumbani nikamkuta mama amepandisha miguu kitandani, maji yako sakafuni. Akaniuliza tumefika wapi.

"Kiunoni, mayu," nikasema. Mayu ndiyo mama kwetu.

"Mmemkuta?"

Nikasema bado.

Halafu akasema, "Msichimbe upande wa ndama."

Nikamtazama. Nikamuuliza, kumbe siku ile alijua, kwa nini hakusema?

"Ningesema, yule mzungu angemwachia kishimo chenye vigingi katikati ya magari. Hana ng'ombe, hana mtu. Hiyo ni kulala?"

Asubuhi nikamwambia nyapara upande ule wa ndama nimeshaupima, chini ni mwamba. Akaupiga kwa kisigino kama anayejua, akasema jaza. Tukamwaga mawe juu juu.

Mbuga ilimmaliza mama kwa kifua masika yaliyofuata. Nilitaka alazwe karibu na barabara, hata ukingoni tu, nikaambiwa haiwezekani, makaburi ya mji yamekwisha pangwa. Tukamzika kule, kwenye mstari, mwishoni kabisa, na kigingi kichwani. Baba mdogo hakugombana na mimi kuhusu mahali.

Barabara mpaka leo inabonyea upande ule wa ndama kila mvua ikinyesha. Magari yananasa, abiria wanashuka wanawatukana waliopanga mji. Na mimi nashuka, nakunja suruali, nasukuma nao. Ila miguu naiweka pembeni.