Kituo Kisichokuwa na Mstari

Ofisini tulimwita Bi Desimali, kwa kuwa hata umri wake aliutaja kwa nukta. Kwa miaka kumi na tisa alikaa meza ya dirishani, feni ikimpeperushia makaratasi, akipiga hesabu za vituo vya afya ambazo wakubwa walizisoma juu juu. Mimi nilikuwa mpiga chapa wake. Habari hii siipendi, na mtaona kwa nini.

Mwaka ule wakubwa walitaka kujua kati ya vituo vitatu vya uzazi kipi kifungwe. Kipimo kilikuwa kimoja: kati ya kila akina mama mia waliojifungua, wangapi walirudi kupimwa. Katika kituo kidogo kuliko vyote alifanya kazi mdogo wake, ndugu yake wa tumbo moja, mkunga.

Bi Desimali alitumia alama za moja na sifuri: moja kama mama alijifungulia kituo fulani, sifuri kama sivyo. Ila vituo vikiwa vitatu, yeye huweka alama kwa viwili tu. Kinachobaki hujulikana kwa sifuri mbili, naye hukifanya kianzio, na vingine hulinganishwa nacho. Akachagua kile cha mdogo wake, jina la kituo lisionekane jedwalini, asije akaambiwa anakipigia debe. Jedwali likatoka hivi: kianzio themanini na mbili; kituo cha sokoni kasoro kumi na moja; kituo cha barabara kuu kasoro kumi na nane. Yaani kile kidogo, chenye themanini na mbili, kiliviacha vingine mbali. Chini yake akaandika maelezo ya mistari minne.

Mkuu wa ofisi alitaka ukurasa mmoja, na jedwali lilizidi. Nikafuta maelezo. Nikafuta na mstari wa kianzio, maana haukuwa na jina la kituo chochote, nikadhani ni mambo ya hesabu tu. Sikumuuliza mwenyewe, alikuwa ameenda kung'oa jino.

Kikaoni walisoma walichopewa. Vituo viwili vimeshuka, viongezewe wauguzi. Kile kidogo hakina hata namba, kwa hiyo hakikuleta takwimu, kifungwe. Saini zikawekwa kabla ya chai.

Bi Desimali aliposikia alirudi mezani, akaondoa kianzio, akakipa kila kituo mstari wake: themanini na mbili, sabini na moja, sitini na nne. Hesabu ilikuwa ileile, imebadilishwa nguo tu. Akaipeleka mbio kwa mkuu, nami nikamfuata na faili.

“Juzi kituo cha sokoni kilikuwa kasoro kumi na moja, leo ni sabini na moja,” mkuu alisema. “Umezipika.”

“Sijazipika, mzee. Ile ya kwanza ni tofauti na kianzio, hii ni wastani wa kituo chenyewe. Themanini na mbili, toa kumi na moja.”

“Na hiyo themanini na mbili imetoka wapi? Juzi haikuwepo.”

Bi Desimali akanigeukia. Nakala yake ya kwanza, yenye kianzio na maelezo yote, ilikuwa ndani ya faili niliyoishika. Nikatazama viatu vyangu.

“Mdogo wako si yuko pale?” mkuu akauliza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kituo kikafungwa. Mdogo wake akapelekwa stoo ya dawa kuhesabu maboksi, yeye aliyepokea watoto kwa mikono yake. Aliamini dada yake alimwacha nje ya karatasi ili yeye mwenyewe aonekane mwadilifu, na neno hilo lilikuwa na ukweli kidogo, ndiyo maana liliuma. Hakupokea tena simu ya dada yake. Nilijichukia, lakini kazi yangu niliipenda zaidi.

Siku Bi Desimali anastaafu nilijikaza nikamwambia kwamba ni mimi niliyefuta. Hakuacha kupanga vitabu vyake kwenye boksi.

“Nilijua siku ileile,” alisema. “Nilikungoja useme, mdogo wangu akiwa bado ananisikiliza.”

Nikataka kumbebea boksi. Akalibeba mwenyewe.