Maji ya Bati

Mume wangu alipofariki, mwanangu wa kwanza alikuja kutoka Arusha akakaa nami wiki nzima. Asubuhi ya kuondoka alinifuata chemchemini bila kuniambia. Nilikuwa nimejitwisha ndoo, napanda ule mlima wa udongo mwekundu unaotoka korongoni, nikamkuta amesimama njiani ananitazama kama mtu aliyekutana na ajali.

"Mama, hii kazi utaifanya mpaka lini?"

"Mpaka nishindwe."

"Na huo mgongo?"

"Mgongo umezoea."

Alinitua ndoo, akaiweka begani, na maji yakamwagikia shati lake la safari njia nzima hadi nyumbani. Yeye ni dereva wa watalii. Anapita Karatu mara nyingi akiwapeleka wageni kreta ya Ngorongoro na Serengeti, lakini gari si lake na ratiba si yake, kwa hiyo akipita hunipigia simu tu. Mimi nikiwa shambani naweza kuona magari kule barabarani, nikajiambia labda moja ni lake.

Baadaye walikuja mafundi aliowatuma kutoka mjini na saruji na nondo. Walijenga tangi la mviringo nyuma ya nyumba, refu kunizidi, wakazungushia ukingo wa bati magata ya kukinga mvua, wakaunganisha bomba. Masika yale mvua ilikuwa nzuri. Nilisimama mlangoni nikasikiliza maji yakiingia. Mwanzoni yaligonga sakafu kavu ya tangi kwa kelele, kisha sauti ikawa nzito, ikatulia. Nililia. Nilidhani ni furaha peke yake.

Hapa kijijini kwetu Qurus, wanawake wa rika langu tulijuana chemchemini. Maji yanatoka kwenye ufa wa mwamba chini ya korongo, na hayakuwahi kuwa na haraka. Ukifika unaweka ndoo yako nyuma ya ya mwenzako, unakaa. Huyu kaja na boga la kugawa, yule kaja na habari ya binti yake anayeolewa Mbulu. Mume wangu alipokuwa mgonjwa, walinisogeza mbele ya foleni bila mimi kuomba, na mmoja akaja nami hadi nyumbani akapika uji.

Baada ya kupata tangi, sikuwa na sababu ya kwenda. Nilishuka mara chache mikono mitupu, kusalimia. Mwenzangu mmoja, tuliyebatizwa pamoja, aliniona akacheka. "Umekuja kutukagua, mwenye tangi?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Hakuwa na ubaya. Lakini mtu asiye na ndoo hajui asimame wapi pale. Alikaribia anayekinga, nikasogea. Alipita anayeondoka, nikasogea tena. Nikaaga mapema, na polepole nikaacha kwenda. Habari zikaanza kunifikia zimepoa. Kwamba jirani wa bonde la pili amejifungua, nilijua siku mtoto anabatizwa.

Kisha vuli ikakosekana. Mahindi yalitoka yakaishia kimo cha goti, yakakauka. Maji ya mwamba yakawa uzi. Juu yetu, wakulima wa vitunguu walikuwa wameziba kijito kwa viroba vya mchanga ili maji yageukie mashambani kwao, na watu wa huku chini wakaitisha kikao. Nilikwenda. Nilikumbuka jinsi baba zetu walivyogawana kijito hicho kwa zamu wakati wa ukame mwingine, nilipokuwa msichana, nikanyoosha mkono ili niseme.

Mwenyekiti wa kitongoji aliniangalia kwa upole. "Mama yangu, tuwaachie kwanza wenye shida ya maji. Wewe mshukuru Mungu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikakaa. Nilipofika nyumbani nilifungua koki nikanawa mikono, ingawa haikuwa michafu.

Kiangazi hichohicho familia za Kimasai zilishuka na ng'ombe kutoka upande wa Ngorongoro, zikajenga boma la miiba ng'ambo ya korongo. Lambo la kunyweshea mifugo lilikuwa limejaa tope tupu. Mchana mmoja niliona mwanamke amesimama nje ya ua wangu wa minyaa na punda wawili waliofungwa madumu. Salamu yao niliijua tangu utoto.

"Takwenya," nikamwambia.

"Iko," akaitikia kwa lugha yao, akatabasamu. "Mama, maji iko?"

"Yapo."

"Mimi naomba."

Nikamfungulia mlango wa ua. Dumu lilipokuwa likijaa alichuchumaa, akafuata kwa macho kutoka bati hadi gata, kutoka gata hadi bomba, hadi tangini.

"Mvua yote iko humu ndani?"

"Yote."

Alisimama akaweka sikio kwenye ukuta wa tangi, akacheka kama msichana.

Akawa anakuja kila baada ya siku moja au mbili. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kimasai changu kiliishia kwenye salamu, lakini tulizungumza. Alinieleza kwamba ndama wamekufa, na kwamba mama yake mzazi yuko Loliondo, hajamwona muda mrefu. Siku moja akaniuliza, "Watoto wako, wapi?"

"Mjini."

"Wote?"

"Wote."

"Na mzee?"

Nikamwonyesha kaburi, pale nyuma ya migomba. Alinishika mkono karibu na kiwiko, akauacha mkono wake hapo. Dumu lilijaa, maji yakafurika yakatiririka chini, na hakuna kati yetu aliyeinama kufunga koki. Katika ukame ule! Sijutii hata tone.

Jirani yangu wa shamba la juu aliniita akiwa upande wake wa ua. "Unawazoesha hao. Ng'ombe wao watakula maharage yako ya ngwara. Na maji yakiisha?"

"Yakiisha nitakuja kupanga foleni nanyi."

Nilisema kama utani, ila moyoni nilisikia kitu kilichofanana na hamu.

Na kweli yakaisha. Koki ilikohoa, ikatoa matone, ikanyamaza. Mgeni wangu alipokuja niligonga tangi kwa ngumi ili asikie lilivyo tupu. Alielewa. Alifungua kibuyu kilichoning'inia kwa punda, akanimiminia maziwa kwenye kikombe, hali nilijua ng'ombe waliobaki walikuwa mbavu tupu. Nilikunywa yote mbele yake. Akaondoka na madumu yake matupu.

Kesho yake nilijifunga kanga kiunoni, nikachukua dumu, nikashuka korongoni. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia wenzangu, jinsi nitakavyojicheka mwenyewe kabla hawajanicheka.

Hapakuwa na mtu. Yalikuwepo madumu tu, mstari mrefu kutoka kwenye mwamba, mengine yamepakwa rangi, mengine yamefungwa vitambaa ili yatambulike. Mwendesha bodaboda mmoja alikuwa ameegemea pikipiki yake.

"Wenyewe wako wapi?" nikamuuliza.

"Majumbani, mama. Nikijaza nawapelekea. Siku hizi hakuna anayekaa hapa. Weka lako, nitakuletea."

Nililiweka mwisho wa mstari, nikakaa juu ya jiwe kando yake. Nilikaa mpaka kivuli kikajaa korongo lote. Hakuja yeyote.

Masika yalichelewa, yakaja kwa nguvu. Tangi likajaa tena. Kila mchana nilisikiliza kama kuna kwato za punda, na siku ya kwanza mvua ilipokatika nilivuka korongo mwenyewe. Miiba ya boma ilikuwa imefunguliwa. Ndani palikuwa na majivu yaliyolowa na samadi, na nyasi changa zilikwishaanza kuchomoza. Walikuwa wamepanda juu kufuata malisho. Huenda alipita kuniaga nikiwa kanisani, sijui. Jina lake sikuwahi kumuuliza. Nilimwita mama, naye aliniita mama.

Mvua ilinirudia njiani, na nilipofika nikakuta maji ya tangi yanafurika yakichimba msingi wa nyumba. Nikachukua jembe nikayatengenezea mfereji kuelekea kwenye migomba. Nilikuwa bado nachimba simu ilipolia. Mwanangu.

"Mama, tangi limejaa?"

"Limejaa, linamwagika."

"Basi huna shida tena."

"Sina."

Nilisikia milango ya gari ikifungwa na wageni wakicheka kwa lugha yao. Akasema inabidi aondoke, wanashuka kreta. Nikamwambia aendeshe polepole, barabara inateleza.