Subira ya Salamu Tatu

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha redio Kitui, Supavaiza hakuniuliza cheti. Vizuri, kwa maana sikuwa nacho; niliacha shule darasa la tatu kwenda kuchunga ng'ombe wa watu. Akanipa vipokea sauti. "Musyoka, kazi hapa ni salamu. Kila saa unasalimia majirani. Ukinyamaza, wewe ni maiti."

Nyinyi mnaofunga ruta za intaneti siku hizi mnadhani mambo haya yalizaliwa na kompyuta. Kituo kikiwashwa, kilitaja jina lake hewani bila kujua nani yuko. Aliyesikia alijibu kwa jina lake, pamoja na majina ya wote aliowasikia. Ukisikia jina lako limerudi, huyo ni jirani. Asipokutaja ni kelele tu: ana mdomo, hana masikio. Ujumbe haupitishwi kwa kelele.

Lakini jirani akikosa kututaja mara moja hatukumfuta ubaoni. Radi hupiga, betri hulegea. Tulingoja salamu tatu, ndipo tukamhesabu amekufa na kuzungusha ujumbe kupitia kituo kingine.

Msimu mmoja wa mvua, lori la mahindi ya msaada lilikuwa kwenye kituo cha Tulia, ng'ambo ya mto, dereva ni Kioko. Mito yetu ni mchanga mtupu, lakini ikinyesha huko juu maji huja kama ukuta. Tukapata habari yanakuja. Nikaita Tulia: Kioko asivuke! Tulia ikasalimia kama kawaida, bila kututaja.

"Hawatusikii," nikasema. "Tupitishe kituo cha Migwani, watume mtu na pikipiki."

"Ngoja."

"Bwana Supavaiza, mto unakuja!"

"Nikimzika kila anayekohoa, jioni nitabaki na jirani gani? Sheria ni tatu. Ngoja!"

Tukangoja, huku nikiita mpaka sauti ikakauka. Salamu ya tatu ilipopita bila jina letu, tukageukia Migwani. Mwenye pikipiki alifika akaona paa la lori tu.

Baada ya mazishi ya Kioko tukapunguza subira ikawa salamu moja. Ikawa wazimu. Kila radi, jirani yetu Makindu alikufa, akafufuka, akafa tena, na ujumbe ukazunguka bila kufika. Mmoja ulikuwa wa kuitia mgonjwa gari. Tukarudi kwenye tatu.

Miaka ya tisini nikahamishiwa mji wa Wote, zikaja ruta. Mhandisi, kijana mwenye heshima, akanieleza: zinasalimiana, kila moja inataja ilizosikia, na pande zote mbili lazima ziwe na subira sawa, la sivyo hakuna ujirani. Nikacheka, si kwa furaha.

"Mzee, tuweke subira fupi?"

"Fupi inaua, ndefu inaua. Chagua, halafu ulale nayo."

Sasa nimestaafu. Nimejenga nyumba ya mawe kwa kazi hii, na sina haya nayo. Mwaka jana mjane wa Kioko alikuja uani kwangu, akakataa kiti.

"Mzee Musyoka, mlijua maji yanakuja?"

"Tulijua."

"Na mkangoja?"

"Tukangoja, mama."

"Angekuwa mwanao?"

Ningeweza kumdanganya. "Tungengoja," nikasema.

Hakulia. Alibeba jerikeni yake akateremka mtoni, kwenda kuchimba maji kwenye mchanga ule uliomchukua mumewe.